Volti 230 zilizonidanganya

Simu iliita saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa ambayo mwoka mikate ameshaamka kitambo na fundi umeme bado amejifunika shuka.

"Fundi, mikate imetoka myeupe tena."

Hakunisalimia, wala hakuniita mwanangu kama alivyozoea. Nikakaa kitandani. Siku tatu kabla nilikuwa nimeibadilishia oveni yake koili zote mbili, kwa pesa yake, na nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba ugonjwa umekwisha.

Ilikuwa Kihonda, Morogoro. Nyumba ya mama huyu iko mbele, karibu na barabara, na mita ya LUKU, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia, imefungwa ukutani barazani. Banda la kuokea liko nyuma kabisa ya kiwanja, na kiwanja chenyewe ni chembamba, kimerudi nyuma kama mkia wa kenge. Umeme wa banda ulitoka kwenye meni swichi, ukapanda darini, ukatokea nje chini ya paa, ukazunguka kwa kufuata ukuta wa jirani mpaka bandani. Safari yote hiyo ilifungwa kwa waya wa milimita moja pointi tano za mraba, ule ule tunaofungia taa. Nani aliufunga sijui. Sisi mafundi tuna desturi yetu: mwenye makosa ni fundi aliyetangulia.

Nilichofanya siku ya kwanza nakieleza kama kilivyokuwa, kwa sababu hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja la kujumlisha wala kugawanya. Kibandiko cha oveni kiliandikwa volti 230, wati 3000. Nikachukua boksi tupu la hamira, nikaandika nyuma yake. Wati ukizigawa kwa volti unapata ampea: 3000 gawanya kwa 230, jibu 13.04. Volti ukizigawa kwa ampea unapata ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita: 230 gawanya kwa 13.04, jibu omu 17.6. Hivyo ndivyo oveni ile ilivyotakiwa kuwa ikiwa nzima.

Kisha nikapima. Kabla ya kuiwasha oveni nikatia ncha za mita kwenye soketi: 230, safi kama ya kitabuni. Nikaiwasha, nikaufumba waya mmoja kwenye taya za klampu, ile mita inayosoma ampea bila kukata waya: ampea 11.7. Nikarudi kwenye boksi la hamira. 230 gawanya kwa 11.7 ni 19.7. Ukinzani umepanda kutoka 17.6 hadi 19.7. 230 mara 11.7 ni 2691. Wati zimepungua kwa zaidi ya 300. Nikamgeukia mama, nikatamka kwa sauti ya daktari: "Koili zimechoka, mama. Zimezeeka."

Akauliza, "Zote mbili?"

"Zote mbili."

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Koili mbili kuzeeka sawasawa, kwa kiasi kile kile, ni jambo la kumfanya mtu asite. Mimi sikusita. Nilienda mjini, nikanunua mbili za wati 1500 kila moja, nikafunga, nikawasha, nikapokea ujira wangu. Na klampu sikuirudisha kwenye waya baada ya kufunga, maana jua lilikuwa limeshazama na nilikuwa na kazi nyingine.

Mtu wa umeme atauliza: kwa nini hukuchomoa oveni ukapima omu za koili moja kwa moja zikiwa baridi? Ni kazi ya nusu dakika. Jibu lake liko nyuma, miaka yangu ya VETA, chuo cha ufundi.

Mwalimu wetu pale alikuwa na mchezo mmoja aliopenda kuwafanyia wanafunzi wapya. Alitoa globu ya wati 100, zile za zamani zenye uzi ndani, ambazo siku hizi naziona zaidi kwa wafuga vifaranga. "Kokotoeni ukinzani wake." Tukakokotoa: volti mara volti gawanya kwa wati, 230 mara 230 ni 52,900, gawanya kwa 100, omu 529. "Haya, pimeni." Tukapima. Mita ikaonyesha omu 40. Tukapima tena, tukabadilisha mita, tukagombana. Wenzangu wawili wakasema globu imekufa, mwalimu akaichomeka, ikawaka. Darasa zima kimya.

Uzi ule ni tangsteni. Ukiwa baridi, umeme unapita kwa urahisi. Ukishapata moto wa nyuzi zaidi ya 2000, ukinzani wake unapanda zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo globu ya wati 100, katika ile nukta ya kwanza unapobonyeza swichi, inavuta 230 gawanya kwa 40, yaani karibu ampea 6, kabla ya kutulia kwenye 0.43. Ndiyo maana globu nyingi zilikuwa zinaungua wakati wa kuwashwa, si katikati ya usiku. Mwalimu akamaliza kwa kusema, "Omu za kitu baridi msiziamini." Nikaliandika neno hilo ndani ya jalada la daftari.

Nililibeba kupita kiasi. Koili ya oveni si tangsteni, ni nikromu, na nikromu ilichaguliwa kwa kazi hiyo sababu mojawapo ikiwa kwamba ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto, ni asilimia chache tu. Ningezipima zile koili za zamani zikiwa baridi, ningepata omu 35 kila moja, na kwa sababu zimefungwa sambamba, umeme ukigawanyika kwa njia mbili, mbili pamoja ni 17.6. Nzima kabisa. Lakini nilikuwa nimefundishwa kutoamini omu baridi, nikaamini volti baridi. Hilo hakuna aliyenionya.

Basi asubuhi ile nikafika bandani, shikamoo yangu ikaitikiwa kwa kifupi. Harufu ya unga uliokaa sana ilikuwa imejaa. Mikate ilikuwa imepangwa mezani, imeumuka vizuri lakini rangi haina, kama uso wa mtu aliyetoka kuugua malaria. Nikatia klampu kwenye waya: 11.7. Ile ile. Koili mpya, pesa mpya, na namba haijasogea hata kidogo.

Kitu kikipimwa mara mbili, kimebadilishwa katikati, na namba isibadilike, basi ulichobadilisha hakikuwa na hatia. Hilo nilielewa palepale, nimechuchumaa, mama amesimama nyuma yangu na kanga yake imejaa unga. Ila sikujua mwenye hatia ni nani. Nikamwomba azime. Nikafungua kifuniko cha nyuma ya oveni, nikazibana ncha za mita pale waya unapoingilia, nikasogeza mikono. Mita ikasoma 230. Nikamwambia, "Mama, washa."

Akawasha. Namba ikaanguka mbele ya macho yangu: 230, 214, 205.5. Ikakaa pale. "Zima." Ikapanda 230. "Washa." 205.5. Tulifanya hivyo mara nne au tano, mama anawasha na kuzima, mimi nimeganda. Kwa siku nne nilikuwa nikigawanya volti za oveni iliyozimwa kwa ampea za oveni iliyowashwa. Namba mbili za kweli, kila moja kwa wakati wake, zikazaa jibu la uongo.

Boksi la hamira lilikuwa bado lipo juu ya rafu. 205.5 gawanya kwa 11.7: omu 17.6. Koili ni nzima, na zile za zamani nazo zilikuwa nzima. 205.5 mara 11.7: wati 2404. Oveni ya wati 3000 ilikuwa inakula wati 2404, na mikate ikaonyesha hivyo hivyo. Hapo kuna jambo ambalo wateja wengi hawaliamini mpaka uwaandikie. Volti zimepungua kama sehemu moja ya kumi tu, lakini moto umepungua sehemu mbili za kumi, kwa sababu katika ile kanuni ya wati, volti inazidishwa kwa yenyewe. Zikipungua volti, zinapungua ampea pia, na hasara inahesabiwa mara mbili.

Volti 24.5 zilizobaki zilipotelea wapi? Nilimtuma kijana wangu barazani akapime kwenye meni swichi oveni ikiwa inawaka. Akapiga kelele kutoka mbele: "Mia mbili thelathini, bosi!" Basi zilikuwa zinaliwa njiani. 24.5 gawanya kwa 11.7: omu 2.1. Huo ndio ukinzani wa waya wenyewe, na ungeweza kuujua bila mita. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa omu 0.0175 kwa kila mita ya urefu. Tukapima kwa hatua na kamba, zikatoka mita 90 kutoka meni swichi hadi oveni. Kwenda 90, kurudi 90, kwa sababu umeme unakwenda kwa laivu na kurudi kwa nyutro na njia zote mbili zinauzuia. 180 mara 0.0175 ni 3.15, gawanya kwa 1.5, omu 2.1. Kamba na mita zikasema neno moja. Nakiri nilifurahi, katikati ya aibu ile.

Mama akauliza swali lake la pili zuri. "Kama umeme unaliwa na waya, mbona waya si wa moto?" Tukaushika pamoja, ukiwa vuguvugu tu, hata usingeweza kusema ni umeme au ni jua. Volti 24.5 mara ampea 11.7 ni wati 287. Ni nyingi, zinatosha kuchemsha chai polepole. Lakini zimemwagwa kwenye mita 180 za shaba, kila mita inapata wati moja na nusu hivi, upepo unazichukua. Ndiyo maana hakuna aliyeushuku. Ingekuwa ni kiungo kibovu, kile cha kusokota nyaya kwa koleo na kuzungushia tepu, hata wati 50 zingekaa sehemu moja isiyozidi ncha ya kidole, na plastiki ingekuwa imenuka mwezi wa kwanza. Kiungo kibovu hupiga kelele. Waya mwembamba mrefu ni mwizi mpole.

Halafu LUKU. Mita ile ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni imeandikwa kwamba kupepesa mara 1000 ni yuniti moja. Tulizima kila kitu nyumbani isipokuwa oveni, nikahesabu mapepeso kumi kwa saa ya simu: sekunde 13 na kitu. Ukipiga hesabu, yuniti moja, yaani wati 1000 kwa saa nzima, kwa kupepesa 1000, ni kama wati 2690. Mita ya LUKU inakaa barazani, kabla ya waya. Inahesabu oveni pamoja na mwizi wake. Mama alikuwa analipia 2691 na kupata 2404. Anaoka saa sita kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na wati 287 zikipotea muda wote huo ni karibu yuniti 45 kila mwezi za kupasha moto ukuta wa jirani. Hii mbinu ya kuhesabu taa naitumia mpaka leo kwa mteja asiyeamini klampu yangu. LUKU yake anaiamini, au angalau anaiogopa.

Nikamrudishia pesa za koili. Si kwa ukarimu, mji ni mdogo. Tulivuta waya wa milimita 6 za mraba, akalipia waya, nikafunga bila ujira. Ukinzani wa njia ukashuka hadi omu 0.5 na kidogo, mita nyuma ya oveni ikasoma 223 mzigo ukiwa juu, klampu ikasoma 12.7. Wati zaidi kidogo ya 2800. Hazijafika 3000, wala sikumwambia zimefika.

Shuleni nilipata alama nzuri kwenye umeme. Tulikuwa na ile pembetatu, V ya volti juu, I ya ampea na R ya ukinzani chini, ukifunika herufi unayoitafuta zinabaki mbili zinazokupa jibu. Tuliiimba kwa Kiingereza, kila mtu anajua wimbo na wachache wanajua unasema nini. Na maswali yalikuwa hivi siku zote: volti ni 12, mkondo ni ampea 3, tafuta ukinzani. Nne! Vema. Hakuna aliyewahi kuuliza hizo 12 zimepimwa wapi, kabla au baada ya kuwasha, kwenye betri au kwenye taa. Zilikuja kutoka mbinguni. Ukitoka na tabia hiyo, siku ya kwanza kazini unachukua volti popote unapozikuta, unachukua ampea popote unapozikuta, unazigawanya.

Kilichonifariji baadaye ni kusoma kwamba mwenye kanuni mwenyewe alikwama kwenye jambo hilo hilo. Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 mjini Erlangen, Ujerumani, baba yake fundi wa kufuli. Alikuwa mwalimu wa shule mjini Köln alipoanza kupima nyaya za urefu mbalimbali, na betri za zama zile zilimsumbua vibaya: ukiunganisha waya, nguvu yake inaanguka, ukisubiri inaanguka zaidi. Namba hazikukaa. Poggendorff, mwanafizikia mwingine, akamshauri aachane na betri, atumie metali mbili zilizounganishwa, shaba na bismuthi, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Volti yake ilikuwa kidogo sana, lakini haikuyumba. Mwaka 1826 akapata vipimo vilivyokubaliana, na mwaka 1827 akatoa kitabu chake. Mtoto wa fundi kufuli, maji ya moto upande huu, barafu upande ule. Nikilifikiria hilo naona oveni na mama anayewasha na kuzima.

Jambo la Kihonda lilinilipa upande wa Kilosa, mwaka uliofuata. Saluni ya kike, sola ya volti 12, inveta ya wati 1000, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa 230. Mwenye saluni alikuwa amenunua betri ya pili kwa sababu ya kwanza "haishiki moto": akiwasha draya ya wati 600, inveta inalia pi-pi-pi na kuzima. Betri mpya nayo ikafanya vile vile. Nilipofika alishakuwa na mawazo ya kununua ya tatu. Betri alikuwa ameiweka nje, kibarazani, kwa kuogopa harufu, na inveta ndani karibu na kioo. Kati yake mita 5 za waya wa milimita 4.

Safari hii sikugusa boksi lolote la hamira kabla ya kupima mahali pawili, draya ikiwa inanguruma. Kwenye vichwa vya betri: 12.2. Kwenye vichwa vya inveta: 10. Nikamwonyesha namba zote mbili, kwanza nje, kisha ndani. Betri haikuwa na kosa.

Wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50, na hiyo ni kabla hujahesabu inachokula inveta yenyewe. Waya wa mita 5, kwenda na kurudi mita 10: 10 mara 0.0175 gawanya kwa 4, ni omu 0.044. Kwa jicho ni ukinzani mdogo usio na maana, mita ya kawaida hata haiwezi kuusoma sawasawa. Zidisha kwa 50: volti 2.2 zimekwenda. Kwenye umeme wa 230 hata usingezihisi, kwenye 12 ni sehemu kubwa ya chakula. Na joto? Ampea mara ampea mara omu, 50 mara 50 mara 0.044, wati 110 ndani ya kipande cha waya unachoweza kukikunja mfukoni. Ganda lake lilikuwa limelainika, ukilibonyeza kwa ukucha linabaki na alama.

Dada akaniambia, "Basi niweke waya mnene?"

"Sogeza inveta kwanza."

Tuliitoa inveta karibu na kioo, tukaipeleka kando ya betri, mita moja tu kati yao, kwa kebo ya milimita 25. Ule waya wa zamani, kipande kilichokuwa kizima, tukautumia kupeleka umeme wa 230 ndani. Hapo draya inavuta ampea 2.6, na waya ule ule uliokuwa unapoteza volti 2.2 ukapoteza sehemu ya kumi ya volti moja. Waya haukubadilika, kazi ndiyo iliyobadilika. Draya ikanguruma bila pi-pi-pi. Ile betri ya kwanza aliyokuwa ameitupa stoo tukaichaji, ikashika, japo si kama zamani, maana ilikuwa imekaa miezi bila chaji.

Kijana wangu alijifunza kwa njia yake. Siku moja alinijia na klampu akisema imekufa: ameizungusha kwenye waya wa pasi, pasi inachoma, klampu inasoma sifuri. Alikuwa ameufumba waya mzima wa pasi, laivu na nyutro pamoja. Umeme unaokwenda na unaorudi unafutana, klampu haioni kitu. Lazima uutenganishe mmoja. Nilicheka, kisha nikamsimulia mita yangu ya kwanza, maana si haki kumcheka mtu bila kutoa na wewe ya kwako.

Ilikuwa ya manjano, ya bei rahisi. Nilikuwa nimepima ampea za chaja kwa kuchomeka waya wa mita kwenye tundu la ampea 10, nikasahau kuurudisha. Kisha nikaenda kupima volti kwenye soketi. Mita ikiwa kwenye ampea, ukinzani wake ni mdogo mno, ni kama kipande cha waya, ndivyo ilivyotengenezwa ili isizuie mkondo unaoupima. Gawanya 230 kwa ukinzani wa namna hiyo uone unapata nini. Mimi nilipata mlio, moshi, na ncha ya mita iliyoyeyuka ikawa kama kiberiti kilichozimwa. Ile bei rahisi haikuwa na fyuzi kwenye tundu lile. Kope zangu zilikuwa zinanuka wiki nzima.

Kuna vitu kanuni hizi hazivifiki kirahisi, na nisiwapoteze. Friji, pampu, feni, vyote vyenye mota, volti mara ampea haikupi wati halisi. Nimewahi kupima friji la wati 120, klampu inasoma 0.9, ukizidisha kwa 230 unapata zaidi ya 200. Mota inachukua umeme mwingine na kuurudisha, LUKU ya nyumbani inahesabu zile wati halisi tu. Tena ukipima omu za koili ya mota ukagawanya, utapata ampea za kutisha ambazo haitazivuta ikishazunguka. Na volti zikishuka, pampu iliyobeba mzigo haipunguzi ampea kama oveni, inaziongeza, inachemka. Lakini kwa vitu vya moto, yaani pasi, birika, hita ya maji, koili, gawanya na zidisha bila wasiwasi, mradi namba zote mbili umezitoa kwenye vichwa vya kitu kile kile, kikiwa kinafanya kazi.

Zile koili mbili za kwanza za Kihonda nilibaki nazo kwenye boksi la vyuma chakavu. Mwezi uliopita alikuja mwoka maandazi na keki kutoka Msamvu, koili yake moja imekatika kweli, mita haisomi chochote, ukiitikisa unasikia kipande kinacheza ndani. Nikamtolea moja, nikaipangusa kutu, nikaipima mbele yake. Omu 35. Akauliza ni mpya? Nikamwambia hapana, ni ya zamani, ilitolewa kwenye oveni ikiwa haina kosa. Akaichukua kwa nusu bei.